Dhara Huondolewa kwa Dhara? Pumzi ya Mashine, Figo za Bibi na Fatwa Niliyoitoa



Ndugu zangu, mwaka jana katikati ya muhula nilitoa fatwa. Sikuitoa mimbarini wala sikuiandika popote. Niliitoa kwenye varanda ya hospitali moja mjini Kigali, nimesimama, viatu vikiwa bado na vumbi la safari ya basi, na watu sita wa familia yangu wakinitazama mdomoni. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa glasi ya maji. Matokeo yake yalikuwa mazuri, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Aliyekuwa kitandani ni bibi yangu, mama yake baba. Amekaa Biryogo tangu alipoolewa, na kwa zaidi ya miaka thelathini amekaanga mandazi na sambusa kwa jiko la mkaa, alfajiri na alasiri, katika kijumba kisichopitisha upepo. Sigara hajaigusa maishani mwake. Wengi hudhani ugonjwa sugu wa mapafu ni wa wavuta sigara tu, kumbe moshi wa kuni na mkaa umewaharibu mapafu mama zetu wengi kabla hawajajua kikohozi kinatoka wapi. Nimonia ilipomkuta juu ya mapafu hayo mabovu, pumzi ikamshinda, wakamweka kwenye mashine ya kupumulia.

Kabla hawajampa dawa ya usingizi ili wamwingize mpira kooni, daktari alimweleza watakachofanya. Bibi akamshika shangazi mkono, akasema kwa pumzi fupifupi: “Hii nimekubali. Kama kuna nyingine, mniulize.” Mimi sikuwepo. Nilikuwa njiani kutoka hapa Mbale. Shangazi ndiye aliyetusimulia.

Siku ya nne daktari wa zamu akatuita. Alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka mitano. Akasema nimonia inaanza kutulia, lakini mkojo umepungua tangu usiku wa kuamkia jana na kipimo cha kreatinini kimepanda zaidi ya mara tatu. Figo zimeumia. Akataja kusafisha damu kwa mashine. Akaongeza kuwa ipo nafasi ya kungoja kidogo huku wakimwangalia, kwa kuwa potasiamu katika damu haijafika pa hatari, ila familia ifikirie mapema.

Baba mkubwa alikuwa na hasira. “Tulimtia mashine ya kwanza, imemla figo. Sasa tumtie ya pili ili imle nini?” Shangazi akarudia maneno ya bibi. Baba alinyamaza, alikuwa akihesabu fedha, na sote tulijua, na hakuna aliyethubutu kuzitaja fedha mbele ya uhai wa mama. Kisha baba mkubwa akanigeukia: “Wewe tunakusomesha dini. Sema.”

Nikasema. Nikasema kujitibu ni agizo la Mtume (S.A.W.), na kuacha tiba inayookoa nafsi ni sawa na kujitupa katika maangamizi, kwa hiyo kukubali ni wajibu na kukataa ni haramu. Ile habari ya kungoja niliisikia, nikaiona ni uvivu wa daktari. Baba mkubwa akasema, “Basi.” Usiku ule ule wakaanza, na wiki ile ile pikipiki ya baba, aliyokuwa akitafutia riziki, ikauzwa.

Bibi alisafishwa damu mara tatu. Siku ya kumi na moja mpira ukatolewa kooni. Figo zikarudi kazini, si kama zamani, lakini zikarudi. Yuko nyumbani, alhamdulillah. Na mtaani kwetu wapo wanaonipa mkono kwa heshima na kusema nilitoa fatwa ya baraka.

Niliporudi chuoni nikakuta tumefika, katika somo la kanuni za fiqhi, kwenye kanuni ya nne kati ya zile tano kuu kama alivyozipanga Imamu Suyuti: kwamba dhara huondolewa. Chini yake huja tawi lake mashuhuri, nalo ni kuwa dhara haliondolewi kwa dhara lililo sawa nalo. Suyuti anatoa mfano wa mtu aliyeshikwa na njaa ya kumuua: haruhusiwi kuchukua chakula cha mwenziwe ambaye naye njaa inamuua. Wenzangu waliandika, wakafungua ukurasa wa pili. Mimi nilibaki pale pale. Nilikuwa nikimsikia baba mkubwa akiuliza, imle nini?

Nikampigia simu rafiki yangu anayesomea udaktari Kampala, nikamwomba anieleze taratibu ni vipi mashine ya mapafu inaweza kuumiza figo, viungo ambavyo hata havikai pamoja. Maelezo yake yalichukua karibu saa nzima, nami nitayafupisha kadiri nilivyoyaelewa.

Sisi tukivuta pumzi, kifua hupanuka na kufanya mvuto ndani yake. Mvuto huo huingiza hewa, na papo hapo huisaidia damu ya mwili kurudi moyoni. Mashine hufanya kinyume: husukuma hewa iingie. Kifua hujaa shinikizo, mishipa inayorudisha damu hubanwa, moyo hupokea kidogo na hutoa kidogo. Figo zote mbili hazifiki hata asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini hupokea kama sehemu moja ya tano ya damu inayotoka moyoni. Damu ikipungua huhisi upesi, nazo hushika maji na chumvi, mkojo ukapungua. Jambo hili si la kugunduliwa juzi. Mwaka 1947 watafiti wa Marekani walikwisha kuonyesha kuwa kupumua kwa hewa yenye shinikizo hupunguza kazi ya figo. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu hali ni nzito zaidi, kwani njia zake za hewa ni nyembamba na hewa haijamaliza kutoka pumzi nyingine imekwisha kusukumwa, shinikizo juu ya shinikizo. Oksijeni ikipungua na hewa ya kaboni ikizidi katika damu, mishipa ya figo zenyewe hujibana. Ongeza maambukizi ya nimonia. Ongeza baadhi ya antibayotiki, kama jentamaisini, ambazo huua vijidudu na huku zikiweza kuzichoma figo.

Halafu akaniambia jambo moja ambalo sikulitazamia. Mtu ambaye mapafu yake hayatoi hewa ya kaboni vizuri, damu yake huelekea kuwa na tindikali. Figo hulitambua hilo, nazo huzuia bikaboneti isipotee kwenye mkojo ili kuisawazisha damu. Hufanya hivyo mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Kwa maneno mengine, figo za bibi ndizo zilizokuwa zikilipa deni la mapafu yake miaka yote ile ya mandazi na moshi, wala hakuna aliyezishukuru. Tulipokuja kuyaokoa mapafu, tukachota kwa huyo huyo aliyekuwa akiyabeba. Nikamwona yule mwenye njaa wa Suyuti, amenyoosha mkono kwenye sahani ya mwenye njaa mwingine.

Lakini kanuni haikuishia pale, na ni kosa letu wanafunzi kushika kanuni kwa mkia. Wanazuoni walitoa mahali ambapo dhara moja ni kubwa kuliko jingine; hapo dogo hubebwa ili kubwa liondoke. Ndiyo maana wakaruhusu kupasua tumbo la maiti ya mama ikiwa mtoto aliye ndani anatarajiwa kuwa hai. Imamu Izzuddin ibn Abdissalaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, anakwenda mbali zaidi na kuifananisha tiba na sharia yenyewe, kwani zote mbili zimewekwa kuleta maslaha na kuzuia mafsada, na tabibu huvumilia ugonjwa mdogo ili kuufukuza mkubwa. Kwa hesabu hiyo mashine ya kwanza ilikuwa sawa. Bila pumzi bibi asingefika magharibi. Figo iliyoumia ni dhara, lakini haiwi sawa na mauti.

Na lawama? Baba mkubwa alisema imemla figo kana kwamba kuna mtu wa kushitakiwa. Ibnul Qayyim, katika Zaadul Ma'aad, anawagawa matabibu, na wa kwanza kwake ni yule mwenye ujuzi aliyeitekeleza kazi yake ipasavyo, mkono wake usikosee, kisha kutokana na tendo aliloruhusiwa kiungo kikaharibika au nafsi ikapotea. Huyo halipi fidia, kwa makubaliano ya wanazuoni. Nilimsomea baba mkubwa maneno hayo kwa maana yake, akatikisa kichwa. Nadhani yalimpoza. Mimi hayakunipoza, kwa sababu Ibnul Qayyim anaendelea na tabibu wa pili: mjinga aliyejitia kutibu. Huyo hulipa. Na mimi pale kwenye varanda nilikuwa yupi?

Turudi kwenye mashine ya pili. Mwaka 1992 Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha saba mjini Jiddah, lilitoa azimio kuhusu tiba. Lilisema tiba huwa wajibu ikiwa kuiacha kutaangamiza nafsi, au kiungo, au kumfanya mtu awe kilema, au ugonjwa utawaambukiza wengine. Hapo ndipo niliposimama mimi. Lakini azimio hilo hilo linasema tiba inaweza kuwa ya kupendekezwa tu, au ya halali tu, na huwa makuruhu ikiwa ni kwa kitendo kinachohofiwa kuleta matatizo makubwa kuliko ugonjwa unaotakiwa kuondolewa. Hukumu hizi zote zinaweza kumzunguka mgonjwa yule yule, kwenye kitanda kile kile, na kinachoamua ipi imwangukie ni mambo ambayo sikuyauliza. Potasiamu ni ngapi? Maji yamejaa mapafuni? Figo zinashuka au zimesimama? Kusafisha damu nako kuna hatari zake: shinikizo la damu hushuka, na figo iliyokwisha kukosa damu hukoseshwa tena; mpira unaowekwa kwenye mshipa mkubwa huweza kupitisha maambukizi.

Imamu Ghazali, katika mlango wa tawakkul, aliyagawa mambo yanayoondoa dhara mafungu matatu: ya uhakika, kama maji kwa kiu, ya kudhaniwa, kama tiba nyingi za matabibu, na ya kuwaziwa tu. Kuacha la uhakika si tawakkul hata kidogo. Kuacha la kudhaniwa si haramu. Nilisoma haya mwaka wa pili na nikapata alama nzuri. Nilisoma pia kuwa Imamu Nawawi, na sisi wengi wetu Afrika Mashariki ni Mashafii, anaihesabu tiba kuwa ni sunna. Nilisoma habari ya yule mwanamke wa Kihabeshi mwenye kifafa aliyemwendea Mtume (S.A.W.), akahiyarishwa baina ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, akachagua kusubiri. Yote hayo yalikuwa kichwani mwangu usiku ule. Nilipotazamwa na watu sita yakanikimbia, likabaki neno moja ambalo lingewanyamazisha: haramu.

Kuhusu kungoja, ambako nilikuita uvivu, rafiki yangu alinitumia matokeo ya tafiti mbili. Ya kwanza ni ya Ufaransa, iliyotolewa mwaka 2016, kwa wagonjwa 620 walioumia figo vibaya wakiwa kwenye mashine ya kupumulia, au kwenye dawa za kupandisha shinikizo la damu, au vyote viwili. Nusu walianza kusafishwa damu mapema, nusu wakangojewa mpaka zionekane dalili za hatari. Vifo vilikaribiana. Na karibu nusu ya waliongojewa hawakuhitaji kusafishwa damu kabisa. Ya pili ni ya mwaka 2020, katika nchi 15, kwa wagonjwa zaidi ya 2,900: waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa kama asilimia 44 pande zote mbili, lakini kati ya walionusurika, walioanzishiwa haraka walibaki wakitegemea mashine ya kusafisha damu kwa asilimia 10 hivi, na waliongojewa kwa asilimia 6. Nisieleweke vibaya. Potasiamu ikipanda mpaka kutishia moyo, au maji yakimzamisha mgonjwa, hapo hakuna kungoja, na hapo fatwa yangu ingekuwa karibu na sawa. Lakini daktari yule kijana alikuwa ametuambia waziwazi kuwa hatujafika huko. Kati ya kukubali na kukataa kulikuwa na mlango wa tatu, yeye kaufungua, mimi nikaufunga kwa jina la dini.

Kuna hadithi aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Jabir (r.a.) ambayo sasa siwezi kuisoma nikiwa nimetulia. Mtu alipasuka kichwa kwa jiwe safarini, kisha akaamka na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa, maadamu maji anayaweza. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alikasirika, akasema wamemuua, na kwamba wasiojua walipaswa kuuliza, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza. Waliotoa jibu lile walikuwa watu wema. Walikuwa wanajali twahara. Hawakukitazama kichwa.

Mtu ataniambia: wao mtu wao alifariki, wako alipona. Rafiki zangu wawili chumbani walinijibu hivyo hivyo. Lakini katika hadithi ya makadhi watatu, mmoja wa wale wawili wa Motoni ni aliyehukumu watu bila elimu, na kosa lake ni kutojua. Hatukuambiwa aachiwe kwa kuwa siku fulani alibahatisha. Kupona kwa bibi ni rehema ya Allah (S.W.) na kazi ya madaktari na wauguzi. Hakunigeuzi kuwa mjuzi kwa kurudi nyuma. Na nani ajuaye, pengine angalingojewa figo zingeamka zenyewe, na pikipiki ya baba ingekuwa barabarani. Pengine pia angefariki, na mimi leo ningekuwa naandika makala nyingine. Sijui, na usiku ule nilisema kama anayejua.

Lipo zito kuliko yote hayo, nalo ni maneno ya bibi mwenyewe. Alikubali pumzi. Hakukubali zaidi ya pumzi, alisema aulizwe. Azimio la Jiddah linashurutisha idhini ya mgonjwa akiwa ana uwezo kamili wa kuitoa, na ya walii pale tu uwezo huo unapokosekana, tena kwa lililo na maslaha kwa mgonjwa. Tulijichukulia kuwa amelala, basi sauti imehamia kwetu. Mwenzangu mmoja anasema mgonjwa mahututi haulizwi, ni dharura, na kumuuliza ni kumtisha. Huenda. Lakini madaktari huweza mara nyingine kupunguza dawa ya usingizi, na mgonjwa mwenye mpira kooni akaitikia kwa kichwa au kwa kubana kidole. Huenda kwa bibi isingewezekana. Sisi hatukuuliza hata kama inawezekana. Daktari alipoleta habari ya kiungo cha pili, kwetu ilikuwa ni mwendelezo wa tiba ile ile tuliyoikubali siku ya kwanza. Sasa naona lilikuwa swali jipya, lenye mizani yake mpya, na mwenye swali alikuwa mita kumi kutoka tuliposimama.

Likizo iliyopita nilikwenda Biryogo. Bibi hakaangi tena. Mandazi anakaanga mke wa baba mdogo, nje, upepo unapopita, na bibi hukaa mbali na moshi akimenya vitunguu saumu na kutoa amri. Nilikaa karibu naye. Alimenya punje tatu nne kabla ya kusema.

“Mume wangu, ni wewe uliyesema niwekwe ile ya pili?”

“Ni mimi, bibi.”

“Na mimi niliwaambia mniulize.”

“Ulikuwa umelala, bibi.”

“Mlijaribu kuniamsha?”

Sikuwa na jibu, nikaomba radhi. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alipuliza maganda yaliyomwangukia kwenye kanga. Nikajikaza nikamuuliza lile nililokuja nalo kutoka Mbale, nikiwa hata na daftari mfukoni: ikitokea tena, pumzi ikashindwa, figo zikaumia, angependa tufanyeje? Niliandike, familia yote ilijue.

Akanitazama kama anavyomtazama mtu anayetaka kununua mandazi kabla mafuta hayajachemka.

“Siku hiyo,” akasema, “utaniuliza siku hiyo.” Akanisogezea sinia nimenye upande wangu.